Vumbi la Salfa na Haki ya Jirani

Kila sifa njema anastahiki Allah Mtukufu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, katika karne ya 11 Miladia aliishi Misri tabibu mashuhuri aitwaye Ali bin Ridhwan. Aliandika kitabu juu ya namna ya kuikinga miili na madhara katika ardhi ya Misri, na humo akaichunguza hewa ya Fustat, mji mkubwa ambao leo ni sehemu ya Cairo. Hakuwa na chombo cha kupimia. Alitumia macho, pua na akili aliyojaaliwa na Mola wake. Aliona kuwa vichochoro vya mji ule ni vyembamba na majumba yake ni marefu, hivyo hewa haitembei. Kwamba matanuri ya hamamu yanatoa moshi mwingi. Kwamba jioni, upepo unapotulia, wingu jeusi hutanda juu ya mji. Na kwamba mtu nadhifu hawezi kupita humo siku moja bila vumbi kumkaa usoni na ndevuni.

Leo kazi ya Ibn Ridhwan inafanywa kwa vyombo. Wataalamu hupima chembe zielezazo hewani, hasa zile ambazo upana wake hauzidi mikromita 2.5, yaani kiasi cha sehemu moja ya 30 ya unene wa unywele. Chembe hizo hazizuiliki puani. Huteremka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Shirika hilo linakadiria kuwa hewa chafu, ya nje na ya majumbani, inahusika na vifo vipatavyo milioni 7 kila mwaka. Jirani zetu wa Uganda, katika Chuo Kikuu cha Makerere, walianzisha mwaka 2015 mradi wa AirQo, wakatengeneza vyombo vya bei nafuu na kuvifunga juu ya majengo na hata kwenye bodaboda, ili ijulikane hewa ya Kampala ina nini.

Mkazi wa Newala akiyasikia hayo humshukuru Mola kwa upepo wa uwanda wetu wa Makonde, akasema: hayo ni ya Kampala na Dar es Salaam, yenye malori, majiko ya mkaa na majalala yanayoungua. Mimi pia nilikuwa nikisema hivyo. Kisha ikanifika asubuhi moja ya mwezi wa Julai.

Tulikuwa tumemaliza Swala ya Alfajiri, na watoto wamekaa mikekani kwa somo. Katika shamba lililopakana na madrasa mashine ya kupulizia ikaanza kunguruma. Baada ya muda mfupi ukungu wa manjano ukapita juu ya ua na kuingia madirishani. Watoto wakawa wanafikicha macho na kukohoa. Mmoja wao, ambaye kifua humbana tangu utotoni, ilibidi nimbebe hadi upande wa pili wa msikiti mpaka pumzi ikamrudia. Nikatoka kwa hasira kwenda kumzuia yule mpulizaji. Nilimkuta kijana amejifunga kipande cha kanga puani, nyusi na kope zimegeuka manjano. Akaniambia kwa upole: "Ustadhi, si wewe uliyenituma nianze na mikorosho yako?" Ni kweli. Shamba lilikuwa langu, na salfa ilikuwa yangu.

Ndugu zangu, hakuna kati yetu asiyejua kwa nini tunapuliza. Ugonjwa wa ubwiri unga hushambulia machipukizi na maua ya mkorosho katika miezi ya kiangazi, na mkulima asipoukinga huambulia matawi matupu. Unga wa salfa huukinga. Kwa korosho tunalipa ada za watoto, tunaezeka nyumba na tunajenga misikiti. Anayesema salfa iachwe kesho hajui tunavyoishi.

Lakini faida ya kitu haiyafuti madhara yake. Salfa inayopulizwa kwa mashine haibaki yote juu ya mkorosho. Chembe kubwa huanguka karibu, na ndogo huchukuliwa na hewa hadi kwa jirani. Huwasha macho, koo na ngozi, na humdhuru zaidi mwenye pumu. Anayepata sehemu kubwa kuliko sote ni yule kijana wa kibarua, anayeibeba mashine mgongoni shamba baada ya shamba.

Mafakihi wetu hawakulinyamazia jambo la namna hii. Katika Mudawwana ya Sahnun, kitabu kikubwa cha fiqhi ya Imam Malik, limo suala la mtu anayejenga hamamu au tanuri katika kiwanja chake mwenyewe, na moshi wake ukawadhuru majirani. Nao wakapewa haki ya kumzuia. Wapo wengine, hasa katika madhehebu ya Shafii, waliompa mwenye mali nafasi pana zaidi katika milki yake, maadamu hatoki nje ya desturi. Hata kwa kauli hiyo sidhani kuna mwanachuoni atakayeiita desturi njema kuwapulizia watoto wa watu salfa wakiwa darasani. Na sote tunajua kuwa Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti wakati harufu ingali kinywani, kwa kuwa inawaudhi wenzake. Ikiwa harufu ya mlo halali imewekewa mpaka, basi je, unga unaomziba mtoto pumzi?

Atasema msemaji: saa ya kupuliza ni alfajiri, hewa ikiwa imetulia na majani yana umande, ili unga ushike, hatuwezi kupuliza mchana. Amesema kweli. Umande hauhamishiki, lakini darasa huhamishika. Kwa hiyo mimi nimeyahamishia masomo ya alfajiri baada ya Alasiri kwa msimu wote wa salfa, na katika mashamba yangu hapulizi mtu ila nimewajulisha majirani tangu jana yake, wafunge madirisha na kufunika maji na vyakula. Mpulizaji ninampa barakoa na miwani ya kukinga macho, kwa fedha yangu mimi mwenye shamba, kwa sababu ujira wake ni wa kazi tu, si bei ya mapafu yake.

Nawaomba maimamu walitangaze hilo baada ya Swala kila msimu unapokaribia. Nawaomba viongozi wa vyama vya msingi na chama chetu kikuu cha TANECU wahakikishe kuwa pale inapogawiwa salfa, zinagawiwa na barakoa. Tuwafuate pia wataalamu wa Kituo cha Utafiti Naliendele, ambao wamekuwa wakifundisha kupogolea, kuondoa maotea yanayohifadhi ugonjwa chini ya mkorosho, na kutumia viuatilifu vya maji badala ya unga. Na tuombe vyombo vya kupimia hewa viletwe Newala na Masasi katika miezi ya kupuliza, kama vilivyofungwa mijini. Kifua cha mtoto wa Newala hakina tofauti na cha mtoto wa Kampala.

Yule mwanafunzi wangu ni mzima, alhamdulillah, na anaendelea na Juzuu Amma. Nimekwenda kwa wazazi wake kuwaomba radhi, nao wamenisamehe. Lakini haki za waja huulizwa, na mimi sijui ni majirani wangapi waliolivuta vumbi langu miaka yote hiyo wakanyamaza kwa kunistahi tu. Kila mwenye mkorosho ajiulize vivyo hivyo kabla ya kuiwasha mashine.

Wabillahi tawfiq.