Unamlea mama kwa simu? Weka utaratibu

Kama unaishi Gongo la Mboto na kibarua chako kiko Kariakoo au Posta, simu ya saa nne asubuhi unaijua. "Shikamoo mama. Umekula?" "Nimekula." "Dawa umemeza?" "Nimemeza." Unakata, unaendelea na wateja. Kuanzia hapo hadi jioni, mzazi mwenye kisukari au presha amebaki na binti wa kazi, au mjukuu aliyefunga shule, au hana mtu kabisa.

Sikulaumu. Vituo vya kulelea watoto mchana havikosekani mitaani, lakini kituo cha kumpeleka mzee asubuhi na kumchukua jioni utakitafuta mpaka uchoke. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaiona familia kuwa ndiyo mlezi wa msingi wa mzee, na familia yenyewe inatoka alfajiri, inarudi usiku. Basi simu imegeuka mlezi. Ninachosema ni kwamba ulezi huu unahitaji masharti, na mengine unaweza kuyaweka leo.

Anza na maswali yenyewe. "Umemeza dawa?" ni swali baya, kwa sababu mzazi asiyetaka kukusumbua kazini atajibu ndiyo hata kama vidonge viko palepale. Muulize amekula nini, saa ngapi. Mwambie binti ahesabu vidonge vilivyobaki akutajie idadi. Ukisikia maneno yanakokota, au binti akasema mdomo umepinda au mkono mmoja hauinuki, hicho huenda ni kiharusi. Apelekwe hospitali muda huohuo, asisubiri urudi. Kwa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, kutetemeka, kutokwa jasho na kuchanganyikiwa huashiria sukari imeshuka. Kipimo kikisoma chini ya 4, au kama hakuna kipimo, anyweshwe soda ya kawaida au maji ya sukari, mradi yuko macho na anameza vizuri. Asiyejitambua asipewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Binti ayajue haya mapema, si siku ya tukio huku bando limeisha.

Tatizo kubwa ni kwamba simu haina miguu. Mwaka 2020, Uviko-19 ilipofunga vituo vya kutwa vya wazee, jimbo la California nchini Marekani liliruhusu vituo hivyo kuwahudumia wateja wao wakiwa nyumbani. Wahudumu walipiga simu, lakini pia walipeleka chakula na vifaa mlangoni. Nawe unahitaji mtu wa kufika ndani ya dakika 10: jirani, mjumbe, kijana wa bajaji. Namba zao zibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa, na nauli iachwe ndani.

Na kuna mzee ambaye simu haimfai kabisa. Anayeanguka mara kwa mara, anayesahau jiko likiwaka, anayepaliwa na chakula, huyo anahitaji mtu wa kukaa naye. Liseme hilo kwenye kikao cha ndugu, na yule aliyeko Muscat anayetuma salamu kila Ijumaa achangie mshahara.

Wengine siku hizi wanafunga kamera sebuleni. Muulize mzazi kwanza, ni nyumba yake. Isielekezwe kitandani wala bafuni, na picha zake akiwa hoi zisipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwa kisingizio cha kuomba dua.

Serikali nayo ina kazi yake. Atakayetaka umlipe ili ampigie mzazi wako kila siku atakuwa ameshika siri za afya yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti. Hiyo pekee haitoshi. Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum iandike masharti ya huduma hii kabla biashara haijatutangulia: nani anaruhusiwa kuitoa, kumbukumbu zinatunzwaje, mzee akilalamika aende wapi. Kwa sasa, kabla hujatoa fedha, muulize mhusika ana taaluma gani, anaandika nini baada ya kila simu, na mama asipopokea mara mbili ni nani anayetoka kwenda kugonga mlango. Akibabaika kwenye hilo la mwisho, usimlipe.