Mbegu za Mhina Zianze Kibarazani Januari, Msizimwage Kwenye Masika



Kila ikifika Machi tunaulizwa swali lile lile: mbegu za mhina nimeshachuma, nizimwage nje au nizianzishe ndani? Na kila mwaka jibu linalozunguka mitaani ni moja: "Subiri masika, kamwage." Sisi tunalipinga. Jibu hilo ndilo linalofanya nyumba nyingi za Unguja na Pemba zisiwe na mhina hata mmoja.

Itazameni mbegu yenyewe. Tunda la mhina ni kama punje ya pilipili manga. Likikauka hugeuka rangi ya kahawia na kupasuka, na ndani mna mbegu 30 na zaidi, ndogo kama ufuta au chini ya hapo. Mbegu hiyo haifukiwi, inanyunyiziwa udongo kidogo tu kwa juu. Sasa iteremshieni mvua ya Aprili. Mwenzetu mmoja alimwaga konzi nzima uani kwake jioni, asubuhi zote zilikuwa mtaroni. Akasema mbegu mbovu. Mbegu zilikuwa nzima kabisa.

Kuna na wengine, wale wa video za Ulaya. Wameona mbegu zinaanzishwa ndani, dirishani, nao wanapeleka makopo chumbani kwenye kiza. Huko ndani wanakimbia baridi na theluji. Sisi hatuna theluji, tunachokimbia ni matone ya mvua. Kwetu "ndani" ni kibarazani, au chini ya upenu wa ua, penye mwanga mwingi lakini maji ya bati hayafiki. Chumbani mche hurefuka mwembamba kama uzi, kisha hulala.

Wakati wake ni Januari, kaskazi ikivuma na joto limekolea. Mbegu inapenda joto hilo. Tunaziloweka kama wiki moja, tukibadilisha maji kila siku, maana ganda lake ni gumu. Tunachukua makopo ya maziwa tuliyoyatoboa chini, udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga usio wa chumvi na samadi iliyooza, tunanyunyizia mbegu na kuweka maji kwa mkono, taratibu. Musiyamwage kwa kata. Wiki moja au mbili, wakati mwingine zaidi, zinachungulia. Msizichoke siku ya 5! Mwisho wa Machi au Aprili, ardhi imeshalowa, mche wenye shina la kusimama unatoka nje. Hapo mvua inamlea. Mvua ile ile ingemuua akiwa mbegu.

"Tutaotesha baada ya Idd," wanasema wengine. Idd ipi? 2024 tulisali tarehe 10 Aprili, 2025 tukasali 31 Machi, na kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Masika hayafuati mwezi mwandamo. Wazee wetu walijua hilo, ndiyo maana kwa ibada walifuata mwezi, na kwa shamba na bahari walihesabu mwaka wa jua, ule unaofunguliwa kwa Mwaka Kogwa kule Makunduchi.

Mtatuambia: taabu yote ya nini, na kijiti kinashika, na hina ya pakiti iko dukani? Kijiti kinashika, hatukatai, na ni haraka. Lakini mhina wa mbegu unashusha mzizi mkuu chini, na kiangazi unavumilia zaidi. Ama ya pakiti, hapo ndipo tunapokasirika. Tumewaona mabiharusi waliopakwa "hina nyeusi" iliyotiwa dawa ya nywele yenye PPD, mikono imefura malengelenge siku ya kutolewa nje, na ngozi iliyokwisha kuikataa dawa hiyo huendelea kuikataa maisha. Hina peke yake haiwi nyeusi. Ni nyekundu, au kahawia iliyokolea. Anayekuuzia weusi wa saa moja hakuuzii jani.

Na jani halipatikani kwa haraka. Mwaka wa kwanza mche unatoa kidogo sana, ni wa kuachwa ujenge mwili. Kwa hiyo mama mwenye binti sekondari aoteshe Januari hii, asingoje barua ya posa. Bi mkubwa mwenye mti naye tunamlaumu kidogo, kwa heshima: anakata matawi yote kwa ajili ya majani, hata ua halipati kufunguka. Muacheni tawi moja lichanue. Harufu yake mtaipata usiku, na mbegu mtazichuma zikikauka, mzianike kivulini na kuzifunga kwenye kitambaa hadi Januari.