Tahariri: CD ya kufutika ni ya kubebea, si ya kutunzia

Katika biro nyingi za kupigisha mashini na kutoa fotokopi, Goma, Bukavu ao Butembo, muteja anayetaka kazi yake iwekwe kwenye CD anauliza jambo moja tu: bei. Angefaa kuuliza lingine. Hiyo CD ni ya kuandikwa mara moja, ao ni ya kufutwa na kuandikwa tena?

Machoni zinafanana, na kila moja inabeba MB 700. Ndani haziko sawa. CD-R ina tabaka ya rangi ambayo laser inaichoma, na alama iliyochomwa hairudi nyuma. CD-RW, iliyotokea mwaka wa 1997, ina muchanganyiko wa madini. Laser ikiuyeyusha, alama inaandikwa. Ikiupasha moto kwa kadiri, alama inapotea. Kwa hiyo inaweza kuandikwa upya karibu mara 1000.

Kwa muji ambamo umeme unakatika bila kubisha hodi, hiyo si faida ndogo. Umeme ukienda katikati ya kuchoma, CD-R mara nyingi imekwisha kufa, na feza ya muteja nayo. CD-RW inafutwa, kazi inaanza upya. Mwenye kupeleka ripoti ya kila juma kutoka biro moja hadi nyingine hana sababu ya kununua CD mpya kila mara. Na hata CD-R iliyojaa nusu si ya kutupa: kama haikufungwa, inapokea faili zingine mpaka ijae. Lakini kila kipindi cha kuandika kinakula nafasi yake, karibu MB 22 mara ya kwanza na 13 hivi kila mara inayofuata, na faili iliyofutwa humo hairudishi nafasi.

Kosa linaanza pale CD ya kubebea inapogeuzwa sanduku la kutunzia. Picha za ndoa, kazi ya mwisho wa masomo, hati ya shamba iliyopigwa skani, vyote vinawekwa kwenye CD-RW moja, na asili inafutwa kwenye kompyuta ili kupata nafasi. Kitu kinachoweza kufutwa kinangojea tu mtu wa kukifuta: mtoto anayetafuta mahali pa muziki, ao karani aliyeona CD isiyoandikwa jina. Tena CD-RW inarudisha mwangaza mdogo kuliko CD ya kawaida, na mashini za zamani mara nyingi zinaikataa.

Kuna jambo lingine ambalo viongozi wa mashirika na wa masomo wanapashwa kulichukua kwa uzito. Kufuta kwa haraka, ambako karibu kila mtu anakuchagua kwa sababu kunachukua dakika moja ao mbili, kunaondoa tu orodha ya yaliyomo. Faili zenyewe zinabaki mpaka ziandikwe juu yake, na mwenye programu inayofaa anaweza kuzisoma. CD iliyobeba majina ya wagonjwa ao ya wakimbizi wa vita, kisha ikapewa mtu mwingine kama tupu, si tupu. Hapa Mashariki mwa Congo, orodha ya majina mikononi mwa mtu asiyefaa inaweza kumtafutia mtu kifo. CD ya namna hiyo ifutwe kabisa, hata ikichukua nusu saa, ao ivunjwe.

Kwa hati za kudumu, CD-R ndiyo inayofaa, nakala mbili, na zisilale nyumba moja. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, wakaaji wa Goma walitoka mbio na kile walichoweza kubeba, na maelfu ya nyumba ziliteketea. Nakala iliyokuwa kwenye kabati pamoja na asili iliungua pamoja nayo. Iliyokuwa kwa shangazi Bukavu ilibaki.

Wenye CD za zamani wasikawie. Mashini nyingi mpya zinauzwa bila mahali pa kuingizia CD, na kampuni Sony iliacha kutengeneza diski za Blu-ray za kuandikwa mnamo Februari 2025. Yaliyomo yahamishwe kwenye diski kuu ya nje wakati mashini ya kuyasoma ingali inapatikana kwa jirani.