AFYA YA FAMILIA: Risasi Isiyotoka Kwenye Bunduki



Mwezi uliopita mama mmoja alitusimamisha tukitoka bombani. Alikuwa na sufuria mpya kichwani, ile nene inayotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu. Akatuuliza: "Eti ni kweli sufuria inaweza kutia sumu kwenye chakula? Mimi nimeuza maharage ya mgao ili niipate hii." Tulitaka kumjibu haraka haraka, tukashindwa. Jibu lenyewe ndilo hili.

Madini tunayozungumzia yanaitwa risasi. Ndiyo, jina lile lile la kitu tulichokikimbia, maana risasi za bunduki hutengenezwa nayo. Iko pia ndani ya betri za gari tunazowashia taa na redio, na katika lehemu ya kuunga nyaya. Fundi akiyeyusha vipande vya injini, makopo na mabaki ya redio pamoja, risasi inaweza kuingia humo humo. Mwaka 2017 watafiti walitangaza matokeo ya kupima vyombo 42 vya namna hiyo kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Karibu theluthi moja vilitoa risasi ya kutosha kudhuru mlaji. Vitu vichachu kama nyanya na ndimu huichomoa zaidi, hasa vikilala ndani ya sufuria usiku kucha.

Sasa inaingiaje mwilini? Ukiimeza, asidi ya tumbo inaiyeyusha, halafu inafika kwenye utumbo mwembamba. Huko kuna kama milango ya kupitishia madini mazuri, yaani chuma na kalsiamu. Milango hiyo haijui kubagua vizuri, risasi nayo inapita. Mtu mzima huingiza damuni kama sehemu 10 kwa 100 ya aliyoimeza. Mtoto mdogo anaweza kufika 50. Na mwenye upungufu wa chuma au kalsiamu huingiza zaidi, kwa sababu mwili wenye njaa ya madini hayo hufungua milango mingi. Tumbo tupu pia huongeza. Hapo ndipo sisi wenyewe tulipoogopa, kwani ni nani kambini asiyezijua zile siku za mwisho kabla ya mgao?

Ikiingia damuni, nyingine hutoka na mkojo, nyingine huhamia kwenye mifupa na kukaa miaka 20 au zaidi. Mama akishika mimba, mifupa yake hutoa kalsiamu kwa ajili ya mtoto, kumbe na risasi ya zamani inatoka pamoja nayo, inapita kwenye kondo hadi kwa mtoto.

Kazi yake mbaya kabisa ni kwenye ubongo wa watoto. Huko Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010 iligunduliwa kwamba watoto wanakufa baada ya watu kusaga nyumbani mawe ya dhahabu yenye risasi. Waliokufa walizidi 400. Wenzetu waliofanya kazi machimboni kule Kivu wanajua vumbi la kusaga mawe linavyofika mpaka kwenye sahani. Lakini mara nyingi hakuna dalili ya kushtua. Mtoto anakuwa mzito darasani, tumbo linamuuma, anakosa choo. Sisi tunasema ni minyoo, au ni uvivu, tunamchapa. Kinachoonyesha ni kipimo cha damu tu, na zahanati nyingi hazina.

Kuchemsha maji kunaua vijidudu, hakuondoi risasi. Na nyie akina mama wajawazito mnaokula pemba na udongo wa sokoni, mtusamehe, lakini udongo huo ulipopimwa katika nchi mbalimbali umekutwa na risasi. Betri iliyokufa isivunjwe uani, wala watoto wasiichezee. Mtoto anawe mikono, ale kitu asubuhi hata kama ni uji kidogo, na dagaa alizokula na mifupa yake, maharage na majani mabichi vinampa yale madini mazuri.

Yule mama hatukumwambia aitupe sufuria yake. Kwa macho hakuna anayeweza kujua kama ina risasi au haina. Ameamua iwe ya maji ya kuoga na ya kufulia. Maharage anapikia kwenye chungu, na anatulaumu kwamba yanachelewa kuiva na kuni zinamwishia. Ni kweli, zinaisha.