Mama Aliyechorwa Miguu Tu

Watoto wa Mgori, mkoani Singida, wanawajua Tom na Jerry. Wanawatazama kwenye televisheni ya sola au kwenye kibanda cha video, bila kuhitaji Kiingereza, maana ugomvi wa paka na panya unajieleza. Humo yumo pia mama mweusi mwenye ufagio, anayemfokea paka. William Hanna na Joseph Barbera wa studio ya MGM walimtumia kuanzia 1940 hadi 1952. Paka alipewa uso wa kununa, kucheka na kulia, panya kadhalika. Mama akaachiwa soksi, ndara, aproni na sauti ya Lillian Randolph, ambaye hata jina lake halikuandikwa kwenye filamu. Uso wake hatuuoni, isipokuwa labda mara moja kwa kufumba na kufumbua.

Makala hii inahusu vichekesho hivyo, na msimamo wangu ni kwamba aibu yake haiponi kwa kufutwa. Wamarekani wamejaribu. Miaka ya 1960, baadhi ya filamu hizo zilichorwa upya kwa ajili ya televisheni, na mama yule akageuzwa Mzungu mwembamba. Mwaka 1968 kampuni ya United Artists ikaziondoa hewani katuni 11 za Warner Bros., ikiwemo Jungle Jitters ya 1938, ambamo Waafrika ni wala watu. Hasira ya watu weusi ilikuwa ya haki kabisa. Chama cha NAACP, kinachotetea haki za Wamarekani weusi, kilikuwa kikiipinga michoro ya aina hiyo tangu miaka ya 1940. Lakini mfanyakazi wa ndani aliyenyimwa uso aliishia kunyang'anywa hata miguu.

Kwetu dharau ilipitia mlango mwingine. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa kikoloni wa Waingereza ulioitwa BEKE ulitengeneza filamu 35 kwa ajili ya Waafrika, kwa imani kwamba wanahitaji picha za mwendo wa taratibu na visa vyepesi. Hollywood ilituchora ili tuchekwe. Vugiri ilitilia shaka kama tunaweza kufuata kichekesho chenyewe.

Ndiyo maana nawaheshimu Ubongo, watengenezaji wa katuni wa Dar es Salaam. Mhusika wao Akili, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, ana macho, ana maswali, ana ndoto. Katuni ya Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa 2010, ilitumia mtindo wa mchoraji Edward Saidi Tingatinga kwa uzuri wa ajabu, ila wahusika wake ni wanyama. Hadithi za sungura na fisi ni zetu, nazipenda. Bado nataka watu. Mashariki ya Mgori, kwenye miamba ya Kolo, Kondoa, wahenga walichora binadamu warefu wekundu kando ya wanyama, na UNESCO imeitambua michoro hiyo tangu 2006. Nataka mtoto anayepura alizeti na kuongea Kinyaturu na bibi yake achorwe na kuchekesha kwa werevu wake.

Katuni za kale nazo zionyeshwe, zikiwa na maelezo. Warner Bros. waliweka kwenye DVD zao tangazo kwamba ubaguzi huo ulikuwa kosa wakati ule na ni kosa hata leo. Kwenye flashi anayouziwa mwenye kibanda, tangazo hilo halimo. Televisheni zetu zinaweza kulisoma kwa Kiswahili kabla ya kila kipindi, tena kwa nusu dakika tu.