Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu Utumishi: kaimu na taulo la mzee

Kwa Katibu Mkuu,
Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Ndugu Katibu Mkuu,

YAH: WANAOKAIMU, WANAOSTAAFU NA MAZUNGUMZO YASIYOFANYIKA KATI YAO

Nakusalimu kutoka Moshi, ambako tangu nistaafu kazi yangu kubwa ni migomba na kuku wachache. Kabla ya hapo nilikuwa afisa utumishi kwa miaka 31, na nadhani nimeandika barua za kukaimu nyingi kuliko barua za mapenzi. Zote zilikuwa na aya tatu: umeteuliwa kukaimu nafasi fulani, utalipwa posho kwa mujibu wa taratibu, nakutakia kazi njema. Hakuna hata moja iliyosema mtu huyo atasaidiwaje.

Niruhusu nikueleze habari ya taulo.

Katika taasisi mojawapo nilikofanya kazi, mkuu wa idara ya ufundi alifikisha miaka 60 akastaafu. Tulimchinjia mbuzi, tukampa friji, hotuba zikawa ndefu. Makabidhiano yenyewe yalichukua nusu saa: taarifa ya kurasa tatu, furushi la funguo zilizobandikwa plasta zenye namba, orodha ya majalada, saini mbili. Asubuhi iliyofuata mhandisi aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka 12 akapokea barua yangu ya aya tatu.

Ofisi zetu unazijua. Kiti cha mkubwa hutandikwa taulo mgongoni. Mzee aliliacha lake, jeupe lenye mstari wa bluu, na kaimu hakulitoa. Hakukikalia kile kiti kabisa. Alivuta kiti cha wageni akakaa ubavuni mwa meza, majalada kayapakata kama mwanafunzi asiye na dawati. Nilidhani ni adabu ya wiki ya kwanza. Mwezi wa tatu taulo lilikuwa palepale, na mhudumu wa ofisi alikuwa akikung'uta vumbi lake kila asubuhi na kulirudisha lilivyokuwa.

Barua zake alizisaini "K.n.y." Nilimwendea faraghani nikamkumbusha kwamba ana barua ya kukaimu, asaini kama Kaimu Mkuu wa Idara. Kwa niaba ya nani, nilimuuliza, na nafasi iko wazi? Akacheka, akaendelea kuandika K.n.y. Jalada la kubadilisha pampu lilipomfikia likiomba uamuzi, alimpigia simu mzee shambani. Mzee naye, nadhani kwa kufurahi kwamba simu yake bado inaita, akatoa maelekezo marefu kuhusu pampu ambazo hakuwa ameziona kwa miezi minne.

Kanuni za Kudumu zinataka kukaimu kusizidi miezi sita. Yeye alikaimu miezi 14. Tuliandika barua ya kuongeza muda, tukangoja upekuzi, kisha tukanyamaza. Mwishowe akaletwa mtu kutoka nje. Mhandisi wetu akarudi kwenye meza yake ya zamani, na wiki ileile nikamwona anatembea haraka korido nzima kama alivyokuwa akitembea zamani. Miaka kadhaa baadaye tulikutana msibani, tukakaa chini ya turubai na vikombe vya chai, nikamuuliza kulikoni. Akaniambia: kila mtu alinishauri nisubiri, hakuna aliyeniuliza ningefanya nini.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikuandikie.

Usidhani hakufundishwa. Alikuwa na vyeti vinne vya semina ukutani, kimoja cha semina elekezi ya uongozi ya siku tano. Alijua mzunguko wa bajeti, alijua sheria ya ununuzi kuliko mimi. Kilichomshinda ni kusema "nimeamua" mbele ya watu waliomzoea kama msaidizi, na jambo hilo halina kitini cha kugawa ukumbini.

Kuna kazi ambayo wenzetu wameijenga kwa ajili ya shida ya namna hii hasa, nayo ni ukocha wa uongozi. Neno kocha kwetu linaleta picha ya mtu wa Simba au Yanga anayepiga kelele pembeni mwa uwanja hadi afukuzwe. Huyu ni mwingine, ingawa naye ametoka michezoni. Mwaka 1974 Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi wa Marekani, aliandika kitabu kuhusu jambo alilolishuhudia uwanjani: kadiri alivyompa mwanafunzi maelekezo mengi, ndivyo mkono wa mwanafunzi ulivyokakamaa, na akimwomba tu autazame mpira na kusema anachokiona, mkono ulijirekebisha wenyewe. John Whitmore, Mwingereza aliyekuwa dereva wa magari ya mashindano, akawa miongoni mwa walioyaingiza mawazo hayo maofisini. Kocha wa namna hii huenda haijui kazi yako hata robo ya unavyoijua wewe. Anakaa nawe saa moja, kila wiki mbili au tatu, kwa miezi kadhaa, na sehemu kubwa ya saa hiyo anauliza.

Anauliza nini? Jalada hili limekaa mezani kwako siku tisa, unangoja nini? Ukisema hapana, nani atakasirika, na akikasirika utapoteza kitu gani? Ni uamuzi upi ungeufanya leo kama barua yako isingekuwa na neno kaimu? Mkubwa wako hawezi kukuuliza hayo bila wewe kuhisi unapimwa. Rafiki atakuonea huruma, na mwenzi wako nyumbani hajui hilo jalada linafananaje. Mlezi kazini tunaye, na ninamheshimu, lakini mlezi hukusimulia jinsi yeye alivyouvuka mto. Kocha anakuuliza wewe umeona kina kiko wapi, kisha anakutana nawe wiki mbili baadaye kukuuliza kama uliingia majini.

Ningemwekea mhandisi yule mtu wa kumuuliza kuhusu taulo. Nina hakika lisingemaliza mwezi.

Sasa, Ndugu Katibu Mkuu, jambo ambalo naona mipango yetu ya kurithishana madaraka inalikwepa. Tunamtazama mrithi tu. Tunaorodhesha nani anaweza kushika nafasi gani, tunapeleka orodha, tunaona tumemaliza. Anayeondoka hatumuulizi kitu, na mara nyingi yeye ndiye aliyekalia mlango. Nimewaona wakuu hodari, waadilifu, ambao mwaka wa mwisho walianza kuficha mambo. Mikutano ya nje walikwenda peke yao. Namba za simu za wafadhili zilikuwa kwenye daftari lao binafsi. Haukuwa uchoyo. Ilikuwa hofu ya Jumatatu ya kwanza bila dereva, bila simu kuita, bila mtu wa kumwambia "shikamoo mzee" korido nzima. Mtu mwenye hofu hiyo hawezi kumfundisha mwingine kazi yake, maana kila anachofundisha kinamsogeza karibu na lango. Mwezeshe azungumze na kocha mwaka mmoja kabla. Aulizwe anajua nini ambacho hakimo katika jalada lolote. Aulizwe ni kikao gani hajawahi kumwachia msaidizi wake akiongoze, na kwa nini.

Marekani kulikuwa na Bill Campbell, kocha halisi wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Columbia katika miaka ya 1970, aliyeishia kuwa kocha wa wakubwa wa kampuni za teknolojia California. Eric Schmidt alipomkabidhi Larry Page uongozi wa Google mwaka 2011, Campbell alikuwa mtu wa karibu wa wote wawili, anayetoa na anayepokea. Hilo ndilo ninaloliomba kwa idara zetu, kwa gharama ndogo zaidi na bila makeke ya California.

Kukabidhi si jambo geni kwetu. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere aliondoka madarakani akiwa hai na mwenye nguvu, akamwachia Mzee Mwinyi urais, akabaki na uenyekiti wa CCM hadi 1990. Watu hubishana kama miaka ile mitano ilikuwa msaada au mzigo kwa aliyepokea. Mimi nadhani ilikuwa vyote viwili, na ninatamani ningejua wawili hao walizungumza nini wakiwa peke yao.

Wala tusidhani wenye fedha wamelimaliza hili. Safaricom ya Kenya, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa ukanda huu, ilimpoteza mtendaji wake mkuu Bob Collymore Julai 2019. Bodi ikamrudisha Michael Joseph, aliyekuwa ameachia kiti hicho tangu 2010, ashikilie hadi Peter Ndegwa alipoanza kazi Aprili 2020. Hapa nyumbani, Benki ya NMB ambayo Serikali ina hisa zake ilimkabidhi usukani Ruth Zaipuna mwaka 2020 akitokea kuwa mkuu wa fedha wa benki hiyohiyo. Ipo mifano ya mtu kutoka ndani. Ningependa iwe ya kawaida kiasi cha kutotajwa.

Najua utakachoambiwa na wasaidizi wako: ukimteua mrithi mapema unazaa fitina, na jina likishavuja huyo mtu ataandikiwa barua zisizo na saini kila wiki. Kweli kabisa, nimezifungua barua hizo. Kwa hiyo asiteuliwe mrithi. Wapewe kocha watu watatu au wanne kwa kila nafasi, wakuu wa sehemu wenye sifa zilizobandikwa hadharani, na ushindani ubaki kama ulivyo. Hata watakaokosa nafasi, idara itabaki nao wakiwa watu wanaojua kuamua. Nafasi za uteuzi wa Rais siziongelei. Naongelea wakuu wa idara na vitengo, ambao ndio kazi hulala kwao.

Jambo moja likikosewa, bora mpango wote usianze. Kocha asiandike ripoti ya mtu. Taasisi ijue malengo yaliyokubaliwa mwanzoni, ijue vikao vimefanyika, basi. Tafadhali asije mtaalamu akapendekeza safu mpya ndani ya PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, ya kuingiza maoni ya kocha, au nakala kwa wapekuzi. Siku hiyo kila kaimu nchini atamwambia kocha wake kwamba yuko vizuri, anashukuru, hana changamoto, na tutakuwa tumeongeza semina nyingine yenye chai na sambusa. Nasema hivi kwa sababu nawajua maafisa utumishi. Nilikuwa mmoja wao, na taarifa ikiwepo hatuna nguvu ya kutoifungua.

Makocha wenyewe wapo hapahapa. Taasisi ya Uongozi ipo tangu 2010, Chuo cha Utumishi wa Umma kipo, na nchi imejaa wastaafu waliowahi kuongoza idara ngumu. Onyo langu ni kwamba sisi wastaafu tunapenda kusimulia. Mwaka jana jirani yangu, kijana aliyekuwa ameanza kukaimu nafasi katika halmashauri moja, alikuja kuniomba tuzungumze. Nikamweleza habari za mwaka 1998 kwa dakika arobaini. Alikuwa na swali moja tu, na akaondoka nalo. Kwa hiyo anayetaka kazi hiyo kwanza afunzwe kunyamaza, na asiyeweza arudi kwenye migomba yake.

Pa kuanzia si pagumu. Mfumo wa mishahara unajua siku ya kuzaliwa ya kila mtumishi, kwa hiyo nani anastaafu lini ni habari mliyonayo leo. Chagueni taasisi chache zenye vitengo ambavyo mtu wake hapatikani kirahisi: ufundi wa maji, ununuzi, TEHAMA, hesabu. Anayebakiza mwaka mmoja apewe kocha, na wale watatu au wanne walio chini yake wapewe kocha mwingine. Wanaostaafu kwa hiari wakiwa na miaka 55 watawashtukiza, hilo halikwepeki.

Na ile barua ya kukaimu iongezwe aya ya nne. Itaje kocha wa mhusika na tarehe ya kikao cha kwanza, itaje siku ambayo miezi sita inaisha, na nani atajibu siku hiyo ikipita. Rasimu ninayo, niliiandika kwa mkono wiki hii, ina mistari mitano.

Nitafurahi nikijibiwa, hata kwa ufupi. Ila kama itawezekana, jibu hilo lisisainiwe K.n.y.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Afisa Utumishi mstaafu,
Moshi.