Kibao Cheupe na Fikra za Mwanafunzi wa Isimu

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akitakiwa katika mtihani ataje kiambishi cha utendeshi katika kitenzi "rusha", aghalabu hujibu kuwa ni -sh-, akapewa alama zake, na shauri likaishia hapo. Walakini jibu hilo moja laweza kuwa limetokana na fikra tatu zisizofanana. Wa kwanza amelikata neno kwa macho tu: ru-sh-a. Wa pili anaamini kuwa kiambishi ni -ish-, ila irabu yake imedondoshwa pamoja na konsonanti ya mwisho ya mzizi ruk-. Wa tatu ameona kuwa mzizi huo umeongezwa -y-, na kwamba k na y zimeungana zikawa sh, kama ilivyo katika waka na washa, amka na amsha. Karatasi ya mtihani haiwatenganishi watu hawa.

Kibao cheupe huwatenganisha. Kinachokusudiwa hapa ni ubao mdogo wa kuwekwa mezani kati ya wanafunzi watatu au wanne, unaoandikwa kwa kalamu ya wino unaofutika kwa kitambaa kikavu. Walimu wa fizikia nchini Marekani wanaofuata njia iliyoelezwa na Wells, Hestenes na Swackhamer mwaka 1995 huwataka wanafunzi waandike hatua zao kwenye vibao vya namna hiyo, kisha wazitetee mbele ya wenzao. Hapana sababu ya kuwaachia wanafizikia peke yao zana hii, kwani uchanganuzi wa fonolojia nao ni kazi ya hatua: umbo la ndani, kanuni, umbo la nje.

Vibao vikiinuliwa, mjadala huanza wenyewe. Mwenye ru-sh-a huonyeshwa "ogofya", utendeshi wa ogopa, ambamo hamna sh yoyote. Mwenye ruk-y-a huulizwa mbona pika huzaa "pikisha", wala si "pisha", neno ambalo tayari limeshikwa na pita. Hulazimika kukubali kwamba Kiswahili kina njia mbili za utendeshi, na kwamba ile ya -y- imebaki katika vitenzi maalumu tu, kama vile ponya, onya na laza. Yamkini kundi jingine litaleta nomino "mpishi", ambamo k ya pik- imegeuka sh mbele ya i, na swali likapanuka kupita vitenzi. Mhadhiri hana haja ya kusema lolote wakati huo. Tena afadhali anyamaze, kwa kuwa wanafunzi ni hodari sana wa kusoma jibu usoni pake.

Sifa kuu ya kibao ni kufutika. Aliyezoea kunakili maneno ya mhadhiri hapendi kosa lake libaki daftarini, basi huandika kile tu alicho na hakika nacho, yaani cha mwenzake. Ubao wa kufutika si mgeni katika pwani yetu: chuoni, watoto waliandika somo la Kurani kwenye ubao wa mti, wakauosha, wakaandika jingine. Tofauti ni kwamba kule hapakubadilishwa hata herufi moja, ilhali huku kubadilisha ndiyo kazi yenyewe.

Wapo watakaosema kuwa kumbi zina mamia ya wanafunzi na fedha hazipo. Pahala pa vibao ni semina, si ukumbi wa mihadhara. Na karatasi nyeupe iliyotiwa ndani ya mfuko wa plastiki angavu hutosha. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kilichofutwa hakiachi ushahidi, na mjuzi mmoja aweza kuandika huku wengine wakiitikia kwa kichwa. Kwa hiyo pasiwe na kufuta kabla ya kueleza, na kalamu ishikwe na yule asiyesema, aandike fikra za mwenziwe.

Hata hivyo vibao vitaonekana mchezo wa semina iwapo mtihani utaendelea kudai jibu tupu. Idara zinaweza kuanza na swali lilelile la "rusha": alama moja kwa kutaja kiambishi, nne kwa kuonyesha hatua na kueleza kwa nini "pikisha" haikufuata mkondo huo.